Misumari ya Warumi na Stoo Yetu ya Kaskazini

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Chekeni kwanza, nitasubiri. Daktari wa mgongo aliniambia kwa Kichina cha polepole, kama anayemwambia mtoto kwamba pipi zimeisha, kuwa nisinyanyue tena kitu kizito kuliko mtoto mchanga. Nikamwuliza kama anaweza kunipatia na huyo mtoto mchanga. Hakucheka. Basi miaka kumi na miwili ya kufunga mizigo Guangzhou ikaishia kwenye karatasi moja ya hospitali, na mimi narudi zangu Tanga.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki ghalani kwa Bi Shemsa. Yeye aliniomba niandike utaratibu wa kufunga, nikauandika kurasa mbili, umebandikwa ukutani karibu na birika. Haya ni yale yasiyoingia ukutani. Msitarajie habari za mshahara, na vyeo pia msivitarajie, maana ghalani kwetu vilikuwa viwili tu: Bi Shemsa, na sisi wengine. Shule yangu iliishia kidato cha nne na matokeo yake nayaacha yapumzike, kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande, isimamisheni wenyewe.

Nilifika mwezi wa tatu, zile siku ambazo kuta za Guangzhou zinatoka jasho. Unyevu unapanda kutoka sakafuni, vioo vinalia, shuka ulilofua Jumatatu Ijumaa bado linakusubiri. Mimi na ndoto zangu nilidhani mji unanililia kwa furaha. Mlangoni nilipokewa na Kaka Idrisa, mtu wa Temeke, mfungaji mkuu, mrefu, kofia ya baraghashia imechomekwa shazia ya kushonea magunia. Hakusema karibu. Alinipa boksi tupu.

"Ligonge."

Nikaligonga.

"Linasemaje?"

"Halisemi kitu, Kaka."

"Ndiyo hivyo. Boksi kavu linaitika. Hili limekunywa maji. Ukiweka sahani humu, Dar zitafika chenga, na mteja atakuja kukuuliza wewe, si mvua."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na hadi leo nikipita dukani nagonga maboksi ya watu.

Siku ya pili nikafanya kosa ambalo bado ananichekea. Kulikuwa na vikombe vya glasi vya mteja mmoja wa Kariakoo. Idrisa akanipa maka peni, akasema, "Onyesha upande wa juu." Mimi nikaandika JUU kwenye kila boksi, herufi kubwa za kupendeza, nikazipamba na vivuli. Wapakiaji wa Kichina wakaona herufi tatu, wakaamini ni alama ya mwenye mzigo, kwa sababu alama za wateja wetu zote ni herufi tatu. Wakayapanga walivyotaka, mengine kichwa chini, na karatasi zikaenda Huangpu bandarini zikiwa na mteja mpya. Wiki kadhaa baadaye wakala wa Dar akapiga simu: "Samahani, huyu Bwana Juu namba yake ipi? Mzigo wake umefika, ila unalia kama njuga."

Nikajua narudishwa nyumbani. Bi Shemsa alikuja ghalani. Kama hamjamzoea bado, jueni kwamba Bi Shemsa, Mzanzibari yule, hapandishi sauti, anapandisha nyusi. Zilipanda. Kabla sijafungua mdomo, Idrisa akasema, "Kalamu nilimpa mimi, Bi. Mshale sikumfundisha." Nyusi zikashuka. Tangu siku hiyo nachora mishale. Na tangu siku hiyo niliamua moyoni kwamba huyu mtu akizama, nitaruka majini, ingawa kuogelea sijui.

Alinifundisha mengi kwa maneno machache. Kwamba tepe hukatwa kwa kisu, si kwa meno, maana meno hayana spea. Kwamba wanasesere tunaowanunua soko la Yide Lu waondolewe betri kwanza, la sivyo watacheka ndani ya kontena hadi Dar. Kwamba mizigo miepesi inayokula nafasi ni adui, kwa kuwa melini unalipia ujazo, tukaiita hewa. "Leo tunasafirisha nini?" "Hewa, Kaka." Neno meiyou, yaani hakuna, nilijifunza kwake pia, pamoja na namna ya kulisema ukitabasamu.

Mwaka wa tatu tulihama ghala, kutoka kule Liuhua kwenye kelele za masoko ya nguo na stesheni, kuja hapa mlipo. Nilidhani kuhama ni kubeba. Idrisa akaanza na mkasi. Akachukua vile vibati vyenye matundu tulivyotumia kupakia rangi alama za wateja, vibati vya zamani, akavikata kimoja kimoja.

"Mbona unaharibu, Kaka?"

"Mtu akiokota hiki, anapaka alama ya mteja wetu kwenye takataka zake, halafu tunatafutwa sisi. Kinachokwenda na sisi, kifungwe. Kisichokwenda, kisibaki kikamfanyia kazi mtu tusiyemjua."

Chupa za wino zilizobaki akazivunja ndani ya gunia. Vyuma vya rafu vilivyotushinda akavikunja. Halafu akafagia. Nilisimama mlangoni nikatazama: lile ghala lilikuwa jeupe kama hatukuwahi kuzaliwa.

Mwaka wa sita, Bi Shemsa aliteka kaskazini. Ndivyo tulivyosema, kuteka, na ndivyo ilivyokuwa. Alipanda treni peke yake hadi mkoa wa Hebei, kule juu karibu na Beijing, kwenye mji mdogo ambao kila nyumba inashona mabegi ya shule. Aliondoka na begi la nguo na chupa ya pilipili. Baada ya siku kumi akarudi na viwanda vimemkubali, visivyowahi kumwuzia Mswahili hata zipu. Alipoingia kwenye mgahawa wa tambi za halali tunakokula Ijumaa baada ya sala, wafanyabiashara walisimama. Nilikuwepo. Nilijivuna kama nimeshinda mimi.

Akakodi stoo huko na kumpeleka Idrisa aishike. "Miezi mitatu tu," alisema. Ikawa mwaka na nusu.

Nitawaeleza kilichotokea kwa lugha ya ghalani. Begi ni hewa iliyoshonwa zipu. Mteja wa Kariakoo hataki kontena zima la mabegi. Anataka mabegi kiasi, wanasesere kiasi, viatu kiasi. Wanasesere na viatu viko huku kusini. Kwa hiyo mabegi yalishuka kwa lori siku mbili nzima kuja kuchanganywa hapa, na lori likipanda lilipeleka vya kumwezesha Idrisa kuendelea kuishi: unga, dagaa, tepe, maboksi, dawa ya kifua, mafuta ya mikono. Baridi ya kule ni kavu. Vidole vyake vilipasuka, akawa anavifunga kwa tepe yetu ya kazi. Stoo ilikula zaidi ya ilichotoa, na kilichotoka nacho kilikuwa hewa.

Mwanzoni alinitumia sauti za simu ndefu, zenye vichekesho. Zikafupika. Ikawa: "Niko salama." Maneno mawili, na kikohozi katikati. Asubuhi moja akaniambia hajazungumza Kiswahili na mtu siku tisa, ila nisiwe na wasiwasi, kwa sababu ameanza kuyasalimia maboksi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikaenda kwa Bi Shemsa. "Shikamoo Bi."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Kaka Idrisa anaumwa, Bi. Arudi."

"Nitampelekea dawa."

"Ana dawa mpaka za kumwaga. Hana watu."

Akasokota ncha ya mtandio. "Nikifunga stoo ile, watu watasemaje? Unajua wanachoniuliza mgahawani?"

Nilijua. Baadhi ya wale waliosimama siku ile sasa walimwuliza kwa lugha ya mpira: "Bi Shemsa, kule kaskazini ngapi ngapi?" Naye anajibu, "Mechi haijaisha." Wanacheka, anacheka nao, kisha anakula tambi nusu bakuli.

Nilimwelewa, ndiyo shida yangu, huwa naelewa kila mtu. Lakini nikitazama simu naona maneno mawili na kikohozi.

Wakati huo alikuwepo Tumaini. Wengine hamkumkuta. Msichana wa Njombe, mwanafunzi wa scholarship, anasoma historia chuo kikuu hapa mjini. Hosteli yao ilikuwa na kelele, kwa hiyo Jumapili akitoka kanisani alikuja kuandika kwenye meza yetu ya kufungia. Bi Shemsa alimruhusu kwa sharti moja, asiweke chai juu ya maboksi. Tasnifu yake ilihusu Warumi.

"Tumaini," nilimwuliza siku ya kwanza, "umetoka Njombe, umekuja China, unasoma watu wa Roma waliokwenda Uingereza?"

"Dada Rukia, scholarship haichagui."

Jumapili ninayotaka kuwasimulia, ukuta ulikuwa unatoka jasho tena na mizigo imerundikana hadi kifuani. Nilikuwa nafunga peke yangu. Tumaini alikuwa ameinamisha kichwa mezani.

"Profesa amekataa sura yangu ya tatu."

"Imemkosea nini?"

"Anasema jibu langu ni la mtu aliyekuwa na haraka."

Nikamwambia anisimulie, mikono tu ndiyo ina kazi, masikio yangu hayana. Akaniambia hivi. Zamani sana, karibu miaka elfu mbili, Warumi waliteka kusini mwa kile kisiwa cha Uingereza. Wakapanda hadi kaskazini kabisa, inakoitwa Uskochi leo. Wakapigana na wenyeji vita kubwa, wakashinda. Wakaanza kujenga kambi ya jeshi zima, mabweni, maghala ya nafaka, hata hospitali. Kabla kambi haijakamilika, wakaondoka. Baadaye sana wajukuu wao walirudi, wakajenga ukuta wa udongo na majani kukatisha nchi kutoka bahari hadi bahari. Haukupita muda mrefu, nao wakauacha, wakashuka kwenye ukuta wa mawe uliokuwa kusini yake.

"Swali la profesa ni kwa nini. Walishinda. Kwa nini waache?"

"Na wewe umeandikaje?"

Huwa anaandika kwanza kwa Kiswahili kwenye daftari, ndipo ageuze. Akasoma: "Warumi walifungwa na wenyeji wa kaskazini, wakakimbia."

"Umejuaje kama walikimbia?"

"Kambi imekutwa imevunjwa, Dada. Vyombo vya glasi na vya udongo vimepondwa vidogo vidogo. Kuta za mbao zimeng'olewa. Na kuna shimo." Akafungua picha kwenye simu. "Wachimbaji walikuta shimo limejaa misumari ya chuma. Mamia ya maelfu. Imefukiwa na udongo juu, umeshindiliwa."

Nikaweka tepe chini.

"Umeshindiliwa?"

"Eh. Vizuri kabisa."

"Tumaini, mtu anakukimbiza na mkuki, wewe unachimba shimo?"

Akaishusha simu.

"Unahesabu misumari, unaijaza, unarudishia udongo, unashindilia, halafu ndipo unakimbia? Na glasi, nani alizipondaponda? Adui akiteka ghala lako anaiba glasi, hazipondi. Na mbao, adui angechoma. Umesema ziling'olewa."

"Ziling'olewa, ndiyo."

"Basi msumari mmoja mmoja ulitolewa na mwenye mbao. Wamechukua kinachobebeka. Chuma kilikuwa kizito, barabara ndefu, hawawezi kukibeba, na hawawezi kukiacha wazi kwa sababu wenyeji wangefua mikuki. Wakakizika. Glasi haitavumilia safari, wakaivunja isimfae mtu." Nilikuwa nimeshapandisha sauti kama muuza samaki, nikimwona Idrisa na mkasi wake kule Liuhua. "Mdogo wangu, hawa hawakufungwa. Hawa walifunga!"

Tumaini akapiga mstari juu ya neno "walifungwa". Nyinyi wapenzi wa mpira mnaelewa kwa nini. Herufi moja. Kufungwa ni kupigwa mabao. Kufunga ni kazi yetu.

"Sasa kwa nini walifunga?" akauliza, kalamu mkononi, kama mimi ndiye profesa.

"Hilo si lipo kwenye vitabu vyako?"

Lilikuwepo, alikuwa amelipita kwa haraka. Akaanza kugeuza kurasa na kunisomea. Kwamba kule juu hakukuwa na miji ya kutoza kodi, ni vilima na ng'ombe. Kwamba nafaka ya kulisha askari ilibidi isafirishwe kutoka mbali. Kwamba mfalme mkuu aliyetaka sifa ya kuteka akiondoka, anayefuata hana sababu ya kuishikilia sifa ya mwenzake. Na zaidi ya yote, kwamba kulikuwa na moto mwingine upande wa pili wa dola, kwenye mto Danube, na askari wa kuuzima walikuwa wamekaa kaskazini wakilinda baridi. Wataalamu wanabishana ipi ilikuwa kubwa, alisema, lakini askari walihitajika Danube, hilo wengi wanakubali.

"Kwa hiyo kambi ilikula zaidi ya ilichotoa," nikasema.

"Na watu wake walihitajika kwingine," akasema.

Hapo ndipo tuliposikia kiti kikisukumwa ofisini. Ofisi ya Bi Shemsa mnaijua, imetengwa kwa plaiwudi, na plaiwudi haina siri. Alitoka na tasbihi mkononi. Nyusi zilikuwa juu kuliko siku ya Bwana Juu.

"Rukia. Wanisema miye kwa Warumi?"

Nikavuta boksi mbele yangu. "Hapana, Bi. Namsaidia Tumaini sura ya tatu."

"Nimesikia sura ya tatu. Nimesikia na ya nne." Akavuta kigoda, akaketi mbele ya Tumaini, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mbele ya binti wa ishirini na tano, akamwuliza kama anayeuliza hali ya mgonjwa: "Hao waliporudi chini, hawakuchekwa?"

"Walikuwepo waliolalamika, Bi. Walisema nchi imetekwa kwa jasho halafu imeachwa bure."

"Na dola yao ikafa?"

"Hapana, Bi. Iliendelea kuwepo mamia ya miaka. Na ule ukuta wa kusini waliushika vizuri."

"Hebu niione hiyo misumari."

Tumaini akampa simu. Bi Shemsa alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akakaa nayo muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshikilia boksi ambalo sikuwa na sababu ya kulishikilia.

"Haina kutu," akasema mwishowe. "Ya katikati bado mizima."

"Ilifukiwa vizuri, Bi. Ya nje ilishika kutu ikaganda, ikaikinga ya ndani."

"Fundi yule alikuwa mtu wa kazi." Akarudisha simu. Kisha akageuka, akatazama ghala, jinsi mizigo ilivyopanda hadi dirishani na maboksi ya chini yalivyoanza kulainika kwa unyevu kwa sababu mfungaji nilikuwa mmoja. "Na sisi Danube yetu iko wapi, Rukia?"

"Umeikalia, Bi."

Nilidhani nimevuka mpaka. Akacheka. Mara ya kwanza kwa miezi, kicheko cha tumboni, tasbihi ikamwanguka.

"Basi nenda kamlete Idrisa," akasema akiiokota. "Lakini usikimbie naye kama mwizi. Mkaifunge stoo kama watu. Asije mtu akakuta hata kipande cha tepe yetu."

Treni iliniteremsha kwenye baridi ambayo pua yangu ilikataa kuivuta. Idrisa alifungua mlango wa stoo akiwa na makoti matatu na ndevu za msafiri. Vidole vinne vimefungwa tepe. Alikuwa amekonda hadi kofia imekuwa kubwa.

"Umekuja kunisaidia kupakia?"

"Nimekuja kukufunga wewe, Kaka. Bi Shemsa kasema tushuke."

Akanigeuzia mgongo, akaanza kutafuta mwanzo wa tepe kwa ukucha, kazi anayoifanya akiwa usingizini, na siku hiyo haukupatikana. "Kwa hiyo tumefungwa," akasema ukutani.

Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho kingeniumiza zaidi ningekijua mapema. Hakuomba kurudi hata mara moja kwa sababu alidhani akiomba, atakuwa amemfungisha Bi Shemsa mbele ya mji mzima. Alikuwa anakohoa kwa adabu.

Nikamketisha juu ya bando la mabegi nikamsimulia Warumi wote, kuanzia vita hadi misumari. Alisikiliza akibana upya tepe za vidoleni. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Shimo lilikuwa na kina gani?"

"Refu kuliko wewe, na bado."

"Na udongo juu ulishindiliwa?"

"Umeshindiliwa."

Akatikisa kichwa kwa heshima. "Hao hawakufukuzwa na mtu." Akasimama, akavua koti moja, akatafuta mkasi.

Tulifanya siku tatu. Vibati vya alama kwanza, akavikata. Mabegi mazima tukayakandamiza na kuyafunga kwa mikanda ya plastiki, tukaitoa hewa tuliyoweza kuitoa. Karatasi zenye majina ya wateja tukazichana na kuziloweka kwenye ndoo hadi zikawa uji. Mwishoni yakabaki magunia ya zipu zenye meno mabovu, chuma kitupu, mazito, hayana faida barabarani. Nikasema tuchimbe shimo, nilitamani kweli, lakini sakafu ilikuwa ya saruji na ardhi ya nje imeganda kama jiwe. Tukampa mama mwenye nyumba. Yule mama wa Kichina ndiye aliyekuwa akimletea Idrisa supu ya tangawizi kila kikohozi kilipozidi, bila kuwa na neno hata moja la kuelewana naye, na alikuwa mshonaji, akasema meno atayanyoosha mwenyewe. Warumi walizika, sisi tuligawa. Labda hawakuwa na jirani kama yule. Kisha Idrisa akafagia. Nilimwachia, maana ufagio wake haazimi mtu.

Ijumaa iliyofuata mgahawani, mmoja wao akauliza tena, ngapi ngapi. Bi Shemsa akaweka vijiti chini. "Hatukufungwa, baba. Tumefunga." Akamaliza bakuli lake lote na kuagiza mchuzi wa kuongezea. Tumaini alisawazisha sura ya tatu, profesa akaikubali, ingawa aliandika pembeni kwa wino mwekundu akiuliza chanzo cha hoja ya kufunga ni kitabu gani. Tumaini akajibu kwa Kiingereza chake kizuri kwamba ni mtaalamu wa mizigo, mawasiliano ya ana kwa ana. Nakala ninayo. Ndiyo shahada yangu.

Nilifanya kazi miaka minne zaidi baada ya hapo, na sina kikubwa cha kuandika juu yake, maana ilikuwa miaka ya raha. Nashukuru kwa kila boksi. Nawashukuru hata wale wapakiaji waliomzaa Bwana Juu. Lakini mkinitaka nichague siku moja tu ya kubeba kwenda nayo Tanga, nitachagua siku tuliyorudi.

Tulishuka Guangzhou mchana. Milango ya treni ilipofunguka ule unyevu ukatuvaa, wenye harufu ya mvua na mafuta ya kukaangia, miwani ya Idrisa ikafunikwa na ukungu hapo hapo. Akasimama katikati ya watu, asione kitu, makoti mawili mkononi, abiria wanamgonga huku na huku wakilalamika.

"Kaka, sogea, tunaziba njia."

"Usinisukume, mdogo wangu. Acha nilowe kwanza."

Hakutaka kwenda nyumbani kupumzika. Tulifika ghalani, Bi Shemsa ameandaa chai na mikate ya kumimina. Idrisa akamwamkia, akaitikiwa, akaambiwa amekonda, akasema ndiyo Bi. Halafu akaipita chai. Akaenda moja kwa moja kwenye safu ya maboksi niliyofunga wiki ile kabla sijaondoka, akayagonga moja baada ya jingine, kichwa ameinamisha, vidole bado vina tepe. Kwenye la saba akasimama.

"Nani kafunga hili?"

"Mimi, Kaka."

"Lifungue."

Bi Shemsa akasema, "Muache mtoto, ndiyo kwanza kashuka kwenye treni."

"Bi, hili linakwenda baharini." Akavuta kigoda, akaketi karibu yangu kabisa ili aone mikono yangu, akakohoa kidogo, akaanza: "Kwanza huu mkunjo wa chini nani kakufundisha? Si mimi. Halafu tepe..."

Nikachukua kisu, nikakaa sakafuni, nikalifungua taratibu sana, ili asimalize kunisema haraka.